Baba Hayuko, Ameenda kwa Kamati

Majirani zangu wa Jericho, wa Maringo na wa Makadara, nanyi wa Buruburu mnaopenda kusema hamko Eastlands, mashariki hii yetu ya Nairobi, sikilizeni habari hii. Haina mchawi wala jambazi. Ina mwanamume mwema tu, na wema wake ndio uliokaribia kuivunja nyumba yake.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na sita. Jumapili alasiri mtaani kwetu Jericho huwa na utulivu wake. Watu wametoka kanisani, wameshiba, kina mama wamekaa kwenye ngazi za milango wakifuma vitambaa vya makochi, na redio moja iliyowekwa dirishani inawatosha majirani wote kusikiliza mpira. Siku hiyo hata watoto walikuwa kimya, kwa sababu mpira wao ulikuwa umeingia kwa mama mmoja ambaye harudishi mipira.

Ndipo mtu akabisha mlango wa Kweyu.

Sauti ya mtoto ikajibu kutoka ndani, bila mtoto mwenyewe kuinuka alipokaa: "Baba hayuko. Ameenda kwa kamati. Acha jina lako, nitamwambia ulikuja."

Huyo alikuwa Mourine, mtoto wa pekee wa Kweyu, mwanafunzi wa darasa la pili. Maneno hayo aliyajua kabla ya kujua kuhesabu, na aliyasema kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anayeitikia jina darasani. Mgeni aliacha jina, akaenda. Baada ya muda akaja mwingine, naye akajibiwa vivyo hivyo.

Kweyu alifanya kazi ya kupanga sabuni katika masanduku kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area. Lakini akivua ovaroli alikuwa mwenyekiti. Mtu wa kwao akifariki, Kweyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya matanga. Kwaya ikitaka sare, mwenyekiti ni Kweyu. Bomba la maji likikauka, kabla fundi hajaitwa kamati inaundwa, na mnajua ni nani anayeiongoza. Alikuwa na sauti nzito, tai ya rangi ya damu ya mzee, na kipaji cha kusema "kwa niaba ya" mpaka ukajihisi umewakilishwa.

Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, hakufuata wanawake, na mshahara aliuleta nyumbani. Ndiyo maana mkewe, Khavere, hakuwa na pa kumshtakia. Ukisema mume wako ni mlevi, watu watakuhurumia. Ukisema mume wako anahudhuria mikutano mno, watakuuliza unataka nini zaidi. Alijaribu mara moja kwa mzee wa kanisa. Mzee alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema tatizo hilo liko katika nyumba nyingi na kanisa halina budi kuchukua hatua. Wiki iliyofuata ikaundwa kamati ya malezi ya familia. Kweyu akachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa.

Msomaji, cheka, lakini usimalize kicheko chote hapa. Mwezi wa Juni Mourine alipatwa na malaria. Khavere alimfunga mgongoni, mtoto mkubwa namna ile, miguu ikining'inia, akaenda naye kliniki peke yake. Kweyu hakuwepo. Alikuwa akiongoza mchango wa matibabu ya mtoto wa jirani.

Hapo ndipo Khavere alipokata shauri. Kaka yake, Luseno, alikuwa dereva wa lori lililoleta mahindi Nairobi na kurudi magharibi likiwa tupu. Walikubaliana Jumamosi moja ya Agosti, jioni, apitie Jericho, ambebe yeye na Mourine na vyombo vyao, awarudishe Vihiga. Alimweleza mtu mmoja tu, Muhiba, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, wakiwa jikoni kwa Muhiba.

"Sitaki kutoroka kama mwizi, Mama Hikma," alisema. "Nataka nimwambie. Akikaa chini mpaka nimalize kusema, siendi popote. Lakini nikifungua mdomo, yeye anafunga kamba za viatu."

Muhiba akamshauri kwa mzaha alipeleke jambo lake kwenye kamati, liwe ajenda.

"Wataniweka chini kabisa, kwa mengineyo," Khavere akajibu. "Na huko kwa mengineyo hawafikangi."

Aliyekuwa akisukuma chapati pale pembeni ni Hikma, binti wa Muhiba. Alisikia yote, na mama yake akamwonya kwa jicho kwamba mambo ya nyumba ya watu si tangazo.

Hikma alikuwa akisomea diploma ya mawasiliano katika chuo kimoja mjini. Likizo ile walikuwa wamepewa kazi: watatu watatu, watengeneze mwanzo wa filamu, dakika chache tu, unaoonyesha tatizo la jamii kama lilivyo, bila kulipamba. Wenzake walikuwa Kinyanjui, ambaye mjomba wake hupiga video za harusi na alimwazima kamera akimwapisha asiitie mchanga, na Saif, wa Buruburu, aliyejiteua mwongozaji. Saif alikuwa amekutana na neno moja darasani akalipenda kupita kiasi. Neno hilo lilikuwa uhalisia. Chai ikiwa haina sukari, kwake ilikuwa na uhalisia.

Walipanga filamu yao juu ya meza ya Muhiba kwa vifuniko vya soda. Kifuniko kikubwa kilikuwa baba, kidogo kilikuwa mtoto, kopo la iliki lilikuwa mlango. Saif alieleza kwamba baba ni mlevi anayerudi nyumbani baada ya kupotea siku kadhaa. Anabisha. Ndani hakuna kitu, nyumba imekauka. Mtoto anajificha chini ya meza na hasemi neno.

"Hakuna mtu anaongea," Saif alisema. "Ni mlango tu na kimya. Mtazamaji anajua huyu buda ni noma hata kabla amwone."

Kinyanjui akauliza kama nyumba isiyo na kitu itakuwa na meza. Waliligombania jambo hilo mpaka chai ikapoa, wakakubaliana meza ibaki kwa sababu ni mbovu.

Nyumba aliitafuta Hikma, hapo hapo ukuta wa pili. Khavere aliwakubalia, hata Mourine akakubali kuwa mtoto wa mlevi, ila kwa sharti moja: wamalize kabla ya jioni. Saif hakuuliza kwa nini. Hikma alijua kwa nini, akainamisha kichwa.

Shida ikawa mlevi. Kwanza walimchukua mlevi halisi wa mtaa, kwa ajili ya ule uhalisia. Yeye aliomba malipo yake mapema, akayanywa, akasahau kwamba aliwahi kukutana nao. Ndipo habari ikamfikia Kweyu kwamba kuna jambo linaendelea mtaani na halina mwenyekiti.

Usiku huo huo kamati ya filamu ilikuwa imeundwa. Kweyu aliwapongeza vijana kwa niaba ya wakazi, akasema ulevi ni adui wa familia, na kwa kuwa kiongozi huongoza kwa mfano, mlevi atakuwa yeye mwenyewe. Saif alijaribu kukataa. Lakini wewe jaribu kumkataa mtu aliyekwisha kushukuru kwa kuchaguliwa.

Mazoezi yalikuwa kichekesho. Kweyu hakuwahi kuonja pombe, kwa hiyo alilewa kama bwana harusi anayeingia ukumbini: hatua moja, anasita, hatua nyingine, anatabasamu. Alikataa kuvua tai. Alitaka pia, kabla ya kuanguka, awashukuru watazamaji kwa kuacha shughuli zao.

"Mzee, mlevi hatoi shukrani," Saif alimwambia.

"Huyu wetu amelelewa vizuri," Kweyu akajibu.

Jumamosi ikafika. Wanafunzi waliingia kwa Kweyu na kamera yao, wakasimama mlangoni wakiwa wamepigwa na butwaa. Nyumba ilikuwa nyeupe. Makochi yamevuliwa vitambaa na kuegemezwa ukutani, kabati halina kikombe, pazia limeshushwa, na kwenye pembe moja kulikuwa na mabunda yaliyofungwa kwa kamba za katani. Ilibaki meza, ile mbovu.

Saif alimshika Khavere mkono kwa heshima. "Mama Mourine, umetufanyia kazi. Hii ndiyo tulikuwa tunataka."

Khavere alimtazama tu, akasema karibuni.

Baadaye kidogo Kweyu naye akafika mbio, akitoka kwenye mkutano wa asubuhi na kuelekea kwenye mkutano wa jioni. Alichungulia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alizungusha macho kutoka ukuta hadi ukuta, kutoka kabati tupu hadi kwenye mabunda. Hikma alidhani sasa ataelewa.

"Vijana wamejituma," Kweyu alisema. "Hata pazia wametoa. Hongereni sana." Kisha akatoka kwenda kupakwa vumbi la ulevi.

Lakini walioshindwa kuvumilia walikuwa kina mama wa mtaa. Wa kwanza kupita mlangoni alikuwa Mukai, mama mwenye televisheni na mwenye vitambaa vingi kuliko mtu yeyote Jericho. Aliuona ule utupu, akauona na mdomo wa kamera, akashika kiuno.

"Sasa hii ndiyo mnataka kupeleka kwa watu?" aliuliza. "Kwamba Jericho tunaishi hivi? Wewe kijana wa Buruburu, kwenu mlevi hana kitambaa?"

Saif alianza kumweleza habari za uhalisia. Hakumaliza. Dakika hazikuwa nyingi kina mama wakawa wanaingia kwa foleni: huyu na saa ya ukutani, huyu na thamosi yenye maua, huyu na maua yenyewe ya plastiki, huyu na picha ya farasi wanaokunywa maji mtoni. Mukai aliyalaza makochi, akayavika vitambaa vya waridi mgongoni, mikononi, mpaka kwenye ile meza mbovu, tabaka juu ya tabaka. Nyumba ya mlevi ikapendeza kuliko sebule ya mchungaji. Kinyanjui, aliyezoea harusi, alianza kuuliza bibi harusi yuko wapi.

Khavere alikuwa ameketi juu ya bunda moja, akiwatazama watu wakiijaza nyumba aliyoimaliza kuifungasha tangu alfajiri. Muhiba alimwona mabega yakitikisika, asijue kama anacheka au analia. Alikuwa akifanya yote mawili.

Ilibidi Saif aombe kwa magoti. Kina mama walivitoa vitu vyao kwa manung'uniko, ila Mukai aligoma kutoa kitambaa cha meza. Kwa hiyo mkitazama ile filamu mtaona mlevi aliyeuza kila kitu isipokuwa kitambaa kimoja cha waridi, kisafi, kimenyooshwa kwa pasi.

Upigaji ukaanza. Mara ya kwanza Kweyu alibisha, akaigeukia kamera pale uani, akatazama moja kwa moja ndani yake na kusema, "Mabibi na mabwana, hamjambo." Ikakatwa. Mara ya pili alitembea vizuri, lakini muuza mitumba alipita nyuma yake akimwuliza mwenyekiti mkutano ni saa ngapi, na mlevi akasimama wima, akamjibu kwa ukamilifu. Ikakatwa. Jua lilikuwa linashuka, na taa nyekundu ya betri ikaanza kupepesa. Kinyanjui akasema imebaki mara moja tu.

Saif alikuwa nje akimwomba Kweyu alewe kidogo zaidi. Akampigia Hikma kelele amkumbushe mtoto cha kufanya. Hikma aliinama karibu na Mourine pale sakafuni. Alitakiwa kumwambia ajifiche chini ya meza na asiseme neno. Alichomwambia ni hiki: "Mourine, mtu akibisha, wewe fanya tu vile unafanyanga siku zote."

Hadi leo Hikma hudai kwamba alisahau maneno ya Saif. Mimi simwamini.

Kamera ikawaka. Kweyu akaja akipepesuka, chupa mkononi, tai shingoni. Akabisha.

Kutoka ndani ikaja sauti moja, isiyopanda wala kushuka. "Baba hayuko. Ameenda kwa kamati. Acha jina lako, nitamwambia ulikuja."

Majirani waliosimama uani waliangua kicheko. Kweyu naye alicheka, akabisha tena. "Mourine, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Ni baba."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. "Baba hayuko," akasema. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamtazama yule mtu mwenye chupa kwa adabu ile ile aliyofundishwa kuwapa wageni. "Anarudingi nikiwa nimelala. Unataka kuacha jina?"

Kicheko cha uani kilikwisha kimoja kimoja. Kweyu alibaki na mkono uliokunjwa ngumi hewani, tayari kubisha mlango ambao ulikuwa wazi. Betri ikafa.

Saif alijishika kichwa. Alisema filamu imekufa, mtoto ameongea, na kwenye karatasi hakuna kuongea. Mukai akasema hilo si lake kuamua, watu wameshinda hapo mchana kutwa na wanataka kujiona. Kinyanjui akaiunga kamera kwenye umeme na kwenye televisheni ya Mukai kwa waya za mjomba wake, na mtaa mzima ukajisukuma sebuleni, isipokuwa Khavere na Mourine, waliobaki kwao.

Mwanzoni kilikuwa kicheko kitupu, na Kweyu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, akijisifu kwamba ule mwendo wa ulevi alijifundisha mwenyewe. Halafu ikaja ile ya mwisho. Kwenye kioo Mourine alifungua mlango, na nyuma yake nyumba ikaonekana yote, na kitambaa cha waridi, na mabunda pembeni. Kweyu alisogea mbele. Akageuka kwa Saif, kwa sauti yake ya mkutano, ingawa safari hii ilikwama mahali.

"Kwa niaba ya familia, nawashukuru. Sasa naomba vyombo vyangu vifunguliwe, mvirudishe mlipovitoa."

"Mzee, sisi hatukufunga kitu," Saif akasema. "Tulikuta hivyo."

Kweyu alitazama nyuso za watu, akafika kwa Muhiba, na Muhiba akatazama chini. Wakati huo huo honi ya lori ikalia barabarani. Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, na sauti ya Luseno ikasikika ikiuliza, bila ubaya wowote, mizigo ya dada yake iko wapi aanze kupakia.

Kweyu alivuka uwanja akiwa bado amepakwa vumbi la mlevi. Sisi tulimfuata mpaka kwenye ngazi, Muhiba akatuzuia hapo. Lakini kuta za Jericho mnazijua. Hakuna kilichotupita.

Khavere alikuwa amesimama katikati ya nyumba, Mourine amevaa sweta ya safari. Kweyu alikohoa.

"Mama Mourine, kwanza kabisa ningependa kuchukua nafasi hii..."

"Keti," Khavere alisema.

Alitafuta kiti. Makochi yalikuwa yamekwisha kuegemezwa ukutani tena. Mwenyekiti wa kamati zote za Jericho akaketi juu ya bunda la sufuria, magoti yakifika kidevuni, chupa bado mkononi. Khavere akaanza. Alianza na malaria ya Juni, akarudi nyuma, akaenda mbele. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, moja baada ya jingine, na Kweyu alikuwa akiitikia mm, mm, bila kuongeza hoja.

Khavere alikuwa hajafika hata nusu, mlango ulipobishwa. Alikuwa Wekulo, mweka hazina wa kamati ya matanga, aliyetupita pale kwenye ngazi bila kututazama. Alisema kwa sauti ya haraka kwamba watu wamejaa, mkutano hauwezi kuanza, wanamngoja mwenyekiti.

Mkono wa Khavere ulishuka ukaushika wa Mourine. Tulisikia bunda la sufuria likilia chini ya Kweyu, kama mtu anayetaka kuinuka, kisha likalia tena, kama mtu aliyekaa.

"Mwenyekiti hayuko," ikaja ile sauti nzito kutoka ndani. "Acha jina lako, Wekulo. Nitamwambia ulikuja."

Wekulo alisimama kidogo akiutazama mlango. Halafu akaenda.

Khavere alimaliza kusema giza likiwa limeingia. Luseno alikunywa chai kwa Muhiba, akala chapati za watu wote, akaondoka na lori lake tupu kama lilivyokuja. Mabunda yalifunguliwa, isipokuwa lile la sufuria kubwa za wageni. Khavere alilisukuma chini ya kitanda likiwa limefungwa, mumewe akiona, na likabaki huko mpaka Krismasi.

Ile filamu ilipelekwa chuoni kama ilivyokuwa. Mwalimu aliisifu sana kwa uhalisia, akaongeza tu kwamba yule aliyeigiza mlevi hajui kulewa hata kidogo, na akataka kuelezwa maana ya kitambaa cha waridi. Saif alizungumza juu ya kitambaa hicho kwa muda mrefu. Mukai akiambiwa hivyo hujibu kwamba maana yake ni kuwa Jericho si watu wa kuchezewa.

Kweyu siku hizi ana kamati moja tu. Akibisha mlango wake jioni, hubisha mara moja, na Mourine huinuka kwenda kuangalia ni nani.

FUNZO

Baba unayesoma haya, usijipige kifua kwa sababu hunywi. Mtoto haulizi ulikuwa baa au ulikuwa kwenye mkutano mtakatifu. Anachojua ni kwamba kiti chako kilikuwa kitupu. Ukitaka kujua hali ya nyumba yako, siku moja bisha mlango kama mgeni, usikilize unavyojibiwa.

Na sisi majirani tusijitoe. Tuliipigia makofi kila kamati aliyokubali, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani amebaki na mtoto. Unapomchagua mtu mwenyekiti kwa mara ya tano, mtume kwanza nyumbani akamwulize mkewe.